Makaburi Yasiyo na Majina



Katika pwani yetu, tangu Kilwa mpaka Mikindani, wakubwa wa kale walijengewa makaburi ya mawe na chokaa. Walakini nchi hii ina wafu wengine wasiojengewa kitu. Mwaka 1866 Dakta Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani, akaufuata mto Ruvuma kwenda bara. Mwezi wa Juni alimkuta njiani mwanamke aliyefungwa shingo mtini, amekwisha kufa. Aliambiwa ya kuwa ni mtumwa aliyeshindwa kwenda na wenziwe, na bwana wake hakutaka apate nguvu tena akawa mali ya mtu mwingine. Jina lake hakuna alijuaye.

Leo twapenda kuwasimulia habari za maziara ya mbali, katika mji wa London, ambayo nayo hayakuwa na majina juu ya makaburi. Lakini sababu yake ilikuwa nyingine kabisa.

Miaka mia tatu na zaidi iliyopita walitokea Uingereza Wakristo waliojiita Marafiki; watu wengine waliwaita Wakweka. Kiongozi wao alikuwa George Fox, mwana wa mfumaji wa nguo. Walifundisha ya kuwa nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Kwa hiyo hawakumvulia mkubwa kofia, wala hawakukubali kuapa mbele ya hakimu. Walifungwa kwa maelfu, na wengi walifia gerezani.

Watu hao walihitaji mahali pao pa kuzikana. Mwaka 1661 walinunua kiwanja huko Bunhill Fields. Ilipoingia tauni mwaka 1665, zaidi ya watu elfu moja walizikwa hapo. Fox mwenyewe alizikwa humo mwezi wa Januari 1691. Tajiri na maskini walilala sawasawa. Mwaka 1717 mkutano wao mkuu uliagiza mawe ya makaburi yasiwekwe, ili mfu mmoja asitukuzwe kuliko mwenziwe. Mwaka 1850 waliruhusu mawe, kwa sharti kwamba yawe ya namna moja kwa wote. Kiwanja kile kilifungwa mwaka 1855, nacho kimepokea watu wapatao 12,000. Siku hizi ni bustani ndogo.

Je, mambo haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Hapo mwanzo hata Marafiki wengine walikuwa na watumwa katika Amerika. Lakini mafundisho yao wenyewe yaliwahukumu: wafu wakiwa sawa, aliye hai atakuwaje mali ya mwenziwe? Walipokutana watu 12 London mwaka 1787 kuunda kamati ya kupinga biashara ya watumwa, tisa walikuwa Marafiki. Na mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipoondoa haki ya kumiliki watumwa Unguja na Pemba, Marafiki walikuja Pemba. Huko Banani walianzisha shamba la karafuu, ambamo walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Na katika watumwa wa visiwa vile walikuwamo wengi waliotoka bara ya kwetu, Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa.

Basi yatazameni makaburi hayo mawili. Yote ni udongo na majani, wala hakuna jina juu yake. Lile la London halikuwa na jina kwa kuwa watu wote waliheshimiwa sawa. Lile la njia ya Ruvuma halina jina kwa kuwa mtu hakuhesabiwa kuwa mtu. Tena Marafiki, ingawa walikataa mawe, waliandika majina ya wafu wao katika vitabu, na vitabu hivyo vingali vikisomwa.

Enyi wanafunzi, kalamu mnazo. Nendeni kwa babu na bibi zenu, mkae nao kitako, mwaulize majina ya waliowatangulia, na walitoka wapi, na walifikaje hapa. Yaandikeni katika daftari, hata ya yule aliyekuwa mtumwa. Wala msione haya, maana aibu si yake.

Kwaherini.