Kitasa cha Mlango wa Bafu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Pito)



Tulipoombwa na Bwana Katibu tuseme neno katika baraza hili, tulijua ya kuwa wenzetu waliotutangulia wamekwisha nena juu ya malipo ya uzeeni, na karo za watoto, na adabu za ofisini. Sisi tumechagua kunena juu ya kitasa cha mlango wa bafu. Twasikia kicheko upande wa nyuma, wala hatukichukii. Hata sisi tulicheka, mpaka ilipofika siku ile tutakayoisimulia.

Nyumbani kwetu bafu li ndani ya nyumba, na mlango wake ni wa mninga, mzito, wenye kufunguka kwa ndani. Mkono wa kitasa chake ulilegea muda mrefu, kisha siku moja ukabaki mkononi mwa mtoto. Badala ya kuutengeneza tulifunga kamba kwenye tundu na kupiga msumari mwimoni. Mtu akiingia, huzungusha kamba msumarini na kuimba kwa sauti ili wengine wajue kuna mtu. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Sisi ambao ofisini hatuthubutu kuacha kabati la majalada wazi hata kwa dakika tano!

Mwezi wa Juni akaja mama mkwe kukaa kwetu, apate kutibiwa macho. Ninyi nyote mwajua heshima iliyopo baina ya mtu na mkwewe. Hatuna haja ya kuieleza. Siku ya nne mama watoto akatwambia kwa sauti ya chini, "Mama hajaoga tangu afike. Hunawa chumbani kwa beseni. Asema hawezi kuvua nguo nyuma ya kamba, ilhali mkwewe apita ukumbini." Maneno hayo yalituchoma. Mgeni wetu mkubwa alikuwa akikaa na jasho la safari kwa ajili ya uvivu wetu, na kwa adabu yake hakusema neno.

Siku ile ile tulinunua komeo, lile la fimbo ya kusukuma, tukalipigilia upande wa ndani kwa skrubu nne. Mama akaoga, na nyumba nzima ikafurahi. Walakini tulikuwa tumeondoa kosa moja na kuleta jingine.

Mwajua baridi ya nyanda hizi mwezi wa Julai, maana tu yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu mzima haogi bila maji ya moto. Asubuhi moja mama watoto alikuwa amekwenda sokoni, nasi tu nyumbani na mtoto mdogo, tukasikia kishindo bafuni, kisha kimya. Tukaita, "Mama! Mama!" Baada ya kitambo akajibu kwamba ameteleza juu ya saruji yenye sabuni, mkono wa kuume hauinuki, naye hawezi kulifikia komeo. Tukasema tutauvunja mlango. Akasema, "Baba, usiingie." Akarudia mara ya pili, kwa sauti ya kilio, "Usiingie, baba yangu."

Basi, tufanyeje? Kuupiga mlango teke haikufaa, kwa kuwa ulifunguka kwa ndani, naye alikuwa nyuma yake. Bawaba zilikuwa ndani pia, hatukuweza kuzing'oa. Dirisha lilikuwa na nondo. Tulimtuma mtoto amwite mama wa nyumba ya pili, nasi tukachukua keekee. Kwa kuwa komeo tulilitia wenyewe, tulikumbuka urefu wake kutoka sakafuni. Tukatoboa tundu kando ya kishikio chake, tukapitisha waya uliokunjwa ncha, tukawa twaivuta ile fimbo kwa kupapasa, kidogo kidogo. Mninga si mti wa kutobolewa kwa haraka. Nusu saa nzima mama alikaa juu ya saruji baridi, akitetemeka. Komeo lilipoachia, tulimwachia jirani aingie na kanga, nasi tukatoka nje uani tukageukia ukuta. Ashukuriwe Mungu, kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka tu, hakikuvunjika.

Jioni ile tuliling'oa komeo. Sasa twaomba usikivu wenu, maana hapa pana jambo ambalo fundi wengi hawamwelezi mwenye nyumba.

Kitasa cha bafu si kitasa cha chumba. Kitasa cha chumba kina tundu la ufunguo linalopita ng'ambo mpaka ng'ambo, na watoto hulijua tundu hilo kuliko wazazi. Tena ufunguo ukiachwa ndani, aliye nje hawezi kuingiza wa pili. Kile cha bafu hakina ufunguo kabisa. Upande wa ndani kina kishikizo kidogo cha kuzungusha kwa vidole viwili. Upande wa nje, mahali pale pale, pana mfuo mwembamba tu, ambao mtu aweza kuuzungusha kwa sarafu au ncha ya bisibisi. Mtu wa nje hawezi kuchungulia, wala hawezi kuingia kwa kupitiwa. Lakini ikiwa aliye ndani ameanguka au amezimia, mlango wafunguliwa mara moja. Linus Yale wa Marekani, aliyepewa hati ya ufunguo wake mdogo wa meno mwaka 1861, alikuwa akimpinga mwizi. Kitasa hiki hakimpingi mwizi hata kidogo. Chawazuia watu wa nyumba moja wasiaibishane, basi.

Tulikwenda mjini Sumbawanga tukanunua, nasi tukakosea. Tulichukua kipimo kwa macho. Kumbe vitasa vya kuzamishwa havilingani: toka ukingo wa mlango hata katikati ya tundu la mkono, kimoja kina milimita 44 na kingine 57. Chetu cha zamani kilikuwa cha 44. Tulicholeta kilikuwa cha 57, na matundu hayakukutana. Tukarudi tena mjini, safari hii tukiwa na kitasa cha zamani ndani ya mfuko. Hivyo ndivyo tungefanya tangu mwanzo. Yafaa pia kupima umbali baina ya tundu la mkono na tundu la kishikizo, na unene wa mlango, na kile chuma cha mraba kipitacho katikati, maana kikiwa chembamba kuliko tundu lake mkono hucheza, na mkono uchezao hauishi mwaka.

Twaomba kuingiza neno hapa. Mkono ule uliovunjika tuliutazama pale ulipokatika: si chuma, ni zinki iliyomiminwa na kupakwa rangi ya kung'aa, nayo ilikatika kama kipande cha muhogo mkavu. Nasi tu wana wa Ufipa! Babu zetu walijenga matanuru ya udongo, malungu, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivuo, wakayeyusha mawe ya chuma, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo na kufua majembe. Mwaka 1937 habari za kazi hiyo ziliandikwa katika Tanganyika Notes and Records. Leo twabeba kitasa kutoka dukani kwa hofu ya kukidondosha. Basi, turudi mlangoni.

Kazi ya kukitia ilituchukua alasiri moja. Tulichonga kwa patasi nyembamba, tukitoa mti kidogo na kukijaribu kitasa kila mara, kwani shimo likizidi hakuna skrubu itakayoshika. Skrubu tulizikaza kwa mkono. Kisha, kabla ya kuufunga mlango, tulikijaribu ukiwa wazi: tukazungusha kishikizo, tukaona ulimi umetoka, tukaenda upande wa nje tukaurudisha kwa sarafu. Afungaye mlango kwanza na kujaribu baadaye aweza kulala bafuni. Tundu la keekee tuliliziba kwa kipande cha mninga, nacho chaonekana mpaka leo.

Mama mkwe alikijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akiwa ndani, na bintiye nje na sarafu. Akafunga, akafunguliwa, akafunga tena. Alikaa nasi hata mwisho wa Agosti.

Mvua za Novemba zilipoanza mlango ulivimba, na ulimi haukuliona tena tundu la bamba mwimoni. Tukalipanua bamba kwa tupa, na mlango tukaupiga randa upande wa chini. Sarafu ya shilingi 200 tuliyoitundika juu ya mlango kwa ajili ya hatari ilikwisha nunua peremende juma la kwanza. Sasa pametundikwa kipande cha bati, ambacho dukani hakipokelewi.