Tumbusi Naye Yumo Katika Uumbaji

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wetu wafadhili katika mkutano wa robo mwaka



Tulipoombwa kuzungumzia wanyama walio katika hatari ya kutoweka, bila shaka wengi wenu mlitarajia tembo au faru. Hao wana watetezi wengi, na picha zao hupendeza kwenye kalenda. Sisi wa dawati la mazingira tumechagua kumsemea tumbusi, ndege ambaye hakuna mtu aliyewahi kutuomba picha yake. Kichwa chake hakina manyoya na chakula chake ni mzoga. Kitabu cha Walawi kinamtaja miongoni mwa ndege wasioliwa. Lakini kutoliwa si sawa na kudharauliwa. Katika Kitabu cha Mwanzo, agano lililofanywa baada ya gharika halikuwa la Nuhu na wanawe peke yao, bali pia la ndege, mifugo na kila mnyama aliyetoka katika safina. Tumbusi hakuachwa nje.

Tuanze na kazi yake. Mnyama anapokufa porini, tumbusi humwona kutoka angani, na mmoja akishuka wengine humfuata. Kundi lao huumaliza mzoga haraka, kabla haujaoza na kuchafua maji. Asidi ya tumbo lake ni kali mno, kiasi kwamba anaweza kumla mnyama aliyekufa kwa kimeta asidhurike. Wafugaji mliomo humu mnakijua kimeta na hasara yake. Kazi hiyo ya usafi hailipwi na halmashauri yoyote.

Asipokuwepo hutokea nini? Jibu tunalipata India. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa kwa wingi wa kutisha, na kufikia mwaka 2007 aina mojawapo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2004 watafiti walitangaza chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya kupewa dawa hiyo, tumbusi aliyemla huharibika figo na kufa. India, Nepal na Pakistan ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini wakati huo mizoga ilikuwa ikioza nje ya vijiji, na mbwa wa mitaani wakiongezeka pamoja na kichaa chao. Watafiti wa uchumi walikadiria mwaka 2024 kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya watu wapatao nusu milioni kati ya mwaka 2000 na 2005. Hata Waparsi wa Mumbai, ambao kwa desturi ya dini yao huwaachia tumbusi miili ya marehemu, walijikuta ndege hao hawapo tena.

Kwetu Afrika chanzo kikubwa ni sumu. Uchunguzi wa aina nane za tumbusi wa bara hili ulionyesha kwamba walipungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka 30, na asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa vilitokana na sumu. Mwaka 2015 aina nne wanaopatikana pia Afrika Mashariki ziliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Tumbusi hawa hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kifaranga huchukua miaka kama mitano kukomaa. Wakifa mia moja siku moja, pengo hilo halizibiki upesi.

Sumu hiyo huwekwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni jangili, anayepaka sumu kwenye mzoga wa tembo ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari alipo. Botswana mwaka 2019 mizoga ya tembo watatu iliua tumbusi 537. Huyo tuwaachie askari wa wanyamapori.

Wa pili ni mfugaji, naye ndiye anayetuhusu hasa, kwa kuwa Jumapili yuko nasi kanisani. Simba ameingia bomani usiku na kuua ng'ombe wawili, pengine ndiyo ada ya shule ya mwaka mzima. Asubuhi mfugaji ananunua dawa ya kuua wadudu wa shambani, anaimwaga juu ya mzoga, anasubiri. Desemba 2015 huko Masai Mara, Kenya, simba wa kundi mashuhuri waliuawa kwa njia hiyo, na tumbusi walikufa pamoja nao. Kampuni iliyotengeneza moja ya sumu hizo, karbofurani, iliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009, lakini sumu nyingine zimebaki. Sumu haichagui: humuua simba, fisi, tumbusi na mbwa wa jirani, na mtu akila nyama ile anaweza kufa.

Hatukuja kumhukumu mfugaji huyo. Kifuta jasho kinachotolewa na serikali yetu ya Tanzania jina lake lenyewe linajieleza: si fidia. Kumwambia aache sumu bila kumsaidia kulinda boma ni kumpa mahubiri matupu. Huko Simanjiro wafugaji wamepanda miti inayochipua haraka iwe nguzo hai, wakaifungia wavu wa waya, na simba hushindwa kupenya. Kenya kijana Richard Turere alibuni taa za kuwakawaka zinazomfukuza simba usiku, akiwa bado mtoto.

Katika ziara zetu tumeulizwa, tena kwa haki: parokia haina zahanati, ninyi mnaleta habari za ndege? Tunajibu kwamba wavu wa boma humwokoa ng'ombe kwanza, na tumbusi baadaye. Hata hivyo tusiishie kwenye faida. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vina thamani ndani yao vyenyewe, hata pale mwanadamu asipoona matumizi yake.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kila kamati itueleze ni maboma mangapi yaliyovamiwa mwaka uliopita, na wenye maboma walio tayari kuchangia nguzo na nguvu kazi. Wafadhili wetu tunawaomba mchangie wavu. Wenye maduka ya dawa za mifugo wamwulize mganga wa mifugo kuhusu meloksikamu badala ya diklofenaki. Na yeyote akikuta mzoga uliozungukwa na nzi au ndege waliokufa, asiuguse. Azuie watoto na mbwa, amwarifu mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Orodha za maboma zipokelewe na katibu wa parokia kabla ya mkutano wetu ujao.