Jiwe Nyuma ya Tairi

Leo nataka tuzungumze juu ya jiwe. Sisemi jiwe la kujengea nyumba wala la kusagia nafaka. Nasema lile jiwe ambalo utingo wa lori hulisukumia nyuma ya tairi gari lao linapoharibika njiani, ili lisirudi nyuma. Gari likishatengemaa dereva anapanda, utingo anaruka juu, lori linaondoka, na jiwe linabaki palepale juu ya lami likimngoja mtu mwingine.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa natoka Masasi kurudi Mtwara, safari ya kilomita kama 200, na nilikuwa nimechelewa kuondoka kwa sababu ya maongezi. Giza lilinikuta nimekwisha kupita Mnazi Mmoja. Ulikuwa msimu wa korosho, na wenyeji wa mikoa hii ya kusini wanajua barabara zinavyokuwa katika msimu huo: malori yanashuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi yamejaa magunia mpaka juu, kila mmoja ana haraka ya kufika ghalani au bandarini. Nilipokaribia Mpapura nikapishana na lori lenye taa kali. Nikashusha taa zangu, nikapunguza mwendo kidogo. Lilipokwisha kunipita, jiwe lilikuwa mbele yangu.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde moja. Taa za chini humulika mita 40 au zaidi kidogo. Piga hesabu mwenyewe uone dereva anabaki na muda gani wa kufikiri. Nilikanyaga breki, nikashikilia usukani bila kukata kona, nikajaribu kulipitisha jiwe katikati ya magurudumu. Gari langu ni dogo, la mitumba ya Japani, tumbo lake li karibu na ardhi. Nilisikia kishindo chini ya miguu yangu, kama mtu amepiga debe kwa nyundo.

Baadaye wapo walioniambia kwamba ningelikwepa. Fundi wangu, ambaye amevuta magari mengi kutoka mabondeni, hakukubaliana nao. Alisema wanaokata kona ghafla usiku ndio anaokwenda kuwachukua wakiwa wamepinduka, au wamekutana uso kwa uso na gari la upande wa pili. Jiwe hutoboa sampu, na sampu inauzwa dukani.

Basi gari liliendelea kwenda, tena vizuri tu, na hapo ndipo ulipo mtego. Moyo unakuambia: si bado linatembea, twende, Mtwara si mbali. Kisha ikawaka ile taa nyekundu yenye umbo la kibirika. Nikazima injini papo hapo, nikaliacha gari lijiburure lenyewe hadi pembeni. Nilipoinama na tochi, niliona oili inamwagika kama maji ya bomba. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuidharau taa hiyo akaendesha kilomita sita tu, na injini ikashikana. Wenye bima wakamlipa sampu, wakakataa kulipa injini, wakisema jiwe lilivunja sampu lakini injini aliiua yeye mwenyewe. Na kwa kweli sikuona kosa lao.

Watu walitoka kwenye nyumba za jirani, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nampigia fundi, nampigia mke wangu, nazunguka gari. Mzee mmoja aliyekuwa amejifunga shuka akanisogelea taratibu akasema, "Pole sana mjomba. Sasa hilo jiwe unamwachia nani?"

Ndugu msikilizaji, niliona haya. Muda wote ule, labda dakika kumi, jiwe lilikuwa bado liko barabarani mita mia hivi nyuma yangu, na zilikuwa zimekwisha kupita pikipiki mbili. Gari langu lilipoteza oili. Kijana wa bodaboda aliyebeba abiria, taa yake moja na hafifu, angepoteza nini pale? Tulirudi mbio. Nililipiga jiwe picha likiwa mahali pake, na oili iliyoanza kumwagika ikionekana, halafu tukalisukuma vijana wawili na mimi hadi nje kabisa, ng'ambo ya mtaro. Lilikuwa zito. Kandokando yake tulikuta jingine dogo, na matawi ya mkorosho yaliyokwisha kunyauka.

Matawi yale yalinieleza habari yote. Barabara zetu zina lugha yake. Ukikuta tawi bichi, na mbele yake tawi jingine, na jingine, unajua kuna gari limeharibika, unapunguza mwendo. Sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga, na madereva wengi wanazo ili trafiki azione, lakini gari likiharibika wanakata matawi kwa kuwa pembetatu huibwa. Sina ugomvi na matawi. Yameokoa maisha ya watu wengi kabla ya pembetatu kujulikana huku. Ugomvi wangu ni na tawi lililoachwa baada ya gari kuondoka. Unapunguza mwendo, unatazama mbele, hakuna kitu. Kesho unakuta jingine, hakuna kitu. Siku ya tatu huamini tena tawi lolote, na siku hiyo ndiyo kuna tela lisilo na taa nyuma ya kona.

Nilipouliza lori lenyewe lilikuwa la nani, sikutarajia jibu. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Lilikaa pale siku mbili, ekseli imekatika. Dereva alilala chini ya tela, utingo akawa anachota maji kisimani pamoja na akina mama. Mama ntilie alikuwa na namba ya simu ya dereva, tena alikuwa ameihifadhi kwa uangalifu mkubwa, maana jamaa waliondoka na deni la sahani mbili za ugali na samaki.

Nilipofika nyumbani, kila aliyekuja kunipa pole alinipa na ile methali: ajali haina kinga. Majirani walisema, wafanyakazi wenzangu walisema, hata askari aliyeniandikia maelezo alisema. Nami nikawa nawauliza: ajali ipi? Lile jiwe halikuanguka kutoka mbinguni. Lilibebwa kwa mikono ya mtu, likawekwa, na mtu huyo alipokuwa anaondoka alilitazama.

Ninasema haya kwa sababu, mkiliita jambo hili ajali, gharama zote zinabaki kwako. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Tunalipa, tunasahau. Bima ndogo humlinda yule uliyemgonga wewe. Gari lako mwenyewe likipasuka sampu, rejeta au kioo cha mbele, halimo. Wakala wangu alinieleza hivyo kwa upole, na nilikuwa naujua ukweli huo kabla sijamwuliza, ila binadamu hujaribu. Mwenye bima kubwa ana nafuu, lakini naye asijisahau: hutakiwa kutoa taarifa mapema kwa kampuni yake, apate ripoti ya polisi, na asiliguse gari kwa matengenezo mpaka mkaguzi wao aje aone. Kuna mtu alibadilisha kioo siku hiyohiyo kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, halafu akapeleka risiti. Risiti ilirudi. Hata akilipwa, kuna kiasi cha kwanza ambacho mkataba unamtaka akibebe mwenyewe, na kwa kioo peke yake huenda kiasi hicho kikamaliza fidia yote. Akikataliwa bila haki, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ambayo wananchi wengi hawajui kwamba ipo.

Sisi wa bima ndogo tumebakiwa na njia moja tu, nayo ni kumpata mwenye jiwe. Mwenye lori huwajibika kwa uzembe wa dereva na utingo wake wanapokuwa katika kazi yake, na madai ya namna hiyo mtu anaweza kuyapeleka mahakama ya wilaya katika muda wa miaka mitatu. Lakini mahakama haitazami machozi. Inataka picha ya jiwe mahali lilipokuwa, si picha ya sampu iliyopasuka peke yake, maana sampu inaweza kupasuka popote. Inataka mtu aliyeliona lori. Inataka maelezo uliyoandikisha polisi siku ileile au kesho yake. Vitu hivi vyote hupatikana katika ile nusu saa ya kwanza, wakati ambapo wewe umeshika kichwa na kuita jina la Mungu.

Mimi nilimpigia dereva. Alikiri bila ubishi. "Kaka, tulikuwa na haraka, mzigo ulikuwa umechelewa bandarini. Lakini nikusaidie nini, ajali haina kinga." Tajiri wake alikuwa mkali zaidi, alisema yeye anamiliki malori, hamiliki mawe. Nikamwandikia barua ya ukurasa mmoja. Nikaambatanisha picha, nakala ya maelezo ya polisi, risiti ya gereji ya shilingi 450,000 pamoja na gharama ya kuvutwa, na majina ya mashahidi wawili, akiwemo mama ntilie, ambaye nilimtaja pamoja na deni lake. Baada ya wiki tatu zikaingia shilingi 200,000 kwenye simu yangu, bila neno lolote. Mama ntilie naye akaniambia amelipwa. Wapo watakaosema ningekwenda mahakamani kudai zilizobaki. Pengine. Nilizikubali.

Jambo hili linakua. Korosho zina msimu wake na zikiisha barabara hupumua. Lakini tangu mwaka 2015 tuna kiwanda cha saruji pale Msijute, na katika miaka hii ya 2020 makaa ya mawe ya Ngaka, huko Mbinga, yamekuwa yakisafirishwa kwa malori kupitia Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Hiyo ni kazi na ni fedha, hakuna anayeichukia. Ila bonge la makaa likidondoka kwenye tuta kwa sababu turubai halikufungwa vizuri, usiku lina rangi moja na lami. Zamani Waingereza walijenga reli huku kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Kila ninapokuwa nyuma ya msururu wa matela huikumbuka reli hiyo ambayo sikuwahi kuiona.

Na ukiwa nyuma ya matela, usiyasogelee. Jiwe dogo hujibana kati ya zile tairi pacha za nyuma, linazunguka nazo, halafu linafyatuka kama risasi ya manati. Barabara ya kwenda Kilambo, kuelekea mdomoni mwa Ruvuma, imewapasulia watu vioo kwa namna hiyo, na hapo huna wa kumdai, maana mwenye lori hana habari kabisa.

Yapo pia mabaki yasiyo na mwenyewe. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, maji yaliacha magogo, mchanga na vipande vya lami. Hapo wajibu wa kusafisha ni wa TANROADS, kwa kuwa ni barabara kuu, kama ulivyo wa TARURA kwa barabara za mitaa na vijijini. Anayetaka kuidai Serikali fidia lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa sampu moja, sidhani kama kuna mtu atafika huko. Ila kupiga simu kwa meneja wa mkoa kusema mahali fulani pana gogo barabarani hakuhitaji notisi, na niliwahi kufanya hivyo, na walikuja.

Kuhusu mawe ya matingo, ninalo pendekezo, nimekwisha kulitoa kwa baadhi ya wakubwa na wakalicheka. Kila lori libebe vigingi vyake viwili vya mbao vilivyofungwa kwa kamba kwenye fremu. Ukiondoka bila kuvitoa, kamba itakukumbusha. Mbao ziko tele, na kamba ya katani si ghali. Trafiki anayesimamisha lori kuuliza kizimamoto na pembetatu, aulize na vigingi.

Jumapili iliyopita nilipita tena Mpapura, safari hii mchana. Lile jiwe lipo kule ng'ambo ya mtaro tulikolisukumia, na majani yameanza kulizunguka. Mbele kidogo, karibu kilomita moja, nikakuta mengine mawili katikati ya lami, na tawi. Nikasimamisha gari.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kivuko.