Kusoma Jirani na Nyumbani Siyo Kushindwa: Nilichowaambia Vijana wa Kahama



Kila mwaka majina ya udahili yakitoka, nasikia kejeli ileile kijiweni: "Fulani kakosa Dar, kaangukia chuo cha huku huku." Leo tuivunje hiyo kejeli, maana inatupotezea mjadala wa maana.

Mimi shahada yangu nimeisomea Chuo Kikuu Huria nikiwa hapa hapa Kahama. Mchana nauza spea za pikipiki, usiku nasoma. Dar sikuikimbia, nilipiga hesabu. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi: mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye mzazi wa kuuguza. Wenzetu wengine wako SAUT Nyegezi, wengine Kizumbi kwenye kampasi ya Ushirika Moshi. Waulizeni sababu zao. Kutoka Shinyanga hadi Dar ni karibu kilomita 1,000. Weka nauli, kodi ya geto, msosi, halafu bumu lichelewe! Nyumbani angalau ugali upo. Na mkopo siyo zawadi, jamani. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Anayekopa kidogo ana akili zake.

Lakini tusidanganyane. Huwezi kusema umechagua kama mezani kuna kitu kimoja tu. Hivi binti wa Nyarugusu anayelala na kuamka na kelele za makarasha, akitaka shahada ya uhandisi wa migodi, kwa nini afunge begi aende Dar au Dodoma? Dhahabu iko kwao, elimu ya dhahabu iko mbali.

Na dhahabu haitusubiri. Buzwagi, hapa hapa Kahama, ilianza uzalishaji 2009, ikafungwa 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule alikuwa hata kidato cha sita hajamaliza. Mgodi umemzidi mbio! Geita wanachimba tangu 2000. Tukisubiri nao wafunge ndipo tuulize, tutamuuliza nani?

Pesa ya kuanzia ipo kisheria. Migodi inalipa halmashauri ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwenye mapato yao. Tena Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaitaka kampuni iandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na ukubaliwe na halmashauri. Mipango hiyo inapita mikononi mwa madiwani, na vikao vya baraza ni vya wazi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, kila tawi litume vijana wawili kwenye kikao kijacho cha baraza, wakae, waandike. Mbili, muulizeni diwani wenu, wa chama chochote: katika mpango wa mwaka huu, ni wanafunzi wangapi wa kata yetu wamelipiwa ada ya chuo, na walichaguliwaje? Tatu, wasaidieni wahitimu wa kidato cha sita kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA mapema. Wasisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe ndipo waanze kukimbizana.

Anayesoma karibu na kwao tumheshimu. Anayetaka kwenda mbali tumsindikize. Tunachokataa ni umaskini umchagulie mtu chuo, huku malori ya mgodi yanapita mlangoni kwake.

Tukutane barazani!