Kukataza Si Kufundisha

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, na ndugu zangu tuliokula ugali wa bwalo moja:

Nitasema jambo moja tu, nalo ni usalama wa watoto wetu ziwani.

Sote twaikumbuka ile sheria: "Kuoga ziwani ni marufuku." Twakumbuka pia tulivyoivunja kila Jumamosi. Aliyekamatwa alichapwa, lakini hakuna aliyetueleza la kufanya mtu akiteleza mwambani. Basi tulikwenda kwa kujificha, na aliyejificha huogopa kuita msaada. Kijijini kwetu Ukerewe mtoto mmoja alizama, kaka yake akajitosa kumwokoa. Yalichimbwa makaburi mawili.

Wako wanaodai kwamba mtoto wa ziwani hahitaji somo. Sivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba, 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Shirika la Afya Duniani lashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea, usalama majini, na namna ya kuokoa bila kujihatarisha.

Ndugu Mwenyekiti, hatuna bwawa la kuogelea, na ziwa lina kichocho, mahali pengine mamba. Lakini sehemu kubwa ya somo hili hufundishika nchi kavu.

Kwanza, anayezama mara nyingi hapigi kelele, pumzi hana. Wenzake hudhani anacheza. Kwa hiyo mtoto asiende majini peke yake, na awepo mtu mzima wa kuangalia.

Pili, aliyeanguka majini asipigane na maji. Alale chali, ainue kidevu, apumue, ndipo aite.

Tatu, mwokoaji asijitose. Arushe kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au alale kifudifudi ukingoni na kunyoosha mti mrefu. Anayezama hung'ang'ania chochote, hata shingo ya anayemwokoa. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, wavuvi waliiendea kwa mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakapona.

Nne, aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe miguu juu wala kukamuliwa tumbo. Apuliziwe pumzi mdomoni na kubanwa kifua bila kuchelewa, huku wengine wakikimbilia msaada.

Kuelea kwenyewe kwahitaji maji, mahali salama, na mwalimu aliyefunzwa. Hayo mengine yaweza kuanza muhula ujao, hapo uwanjani.

Napendekeza, basi, chama chetu kinunue kamba, madumu na maboya, na kigharimie mafunzo ya walimu wawili.

Pendekezo la pili halina gharama. Siombi sheria ile ifutwe. Naomba Mkuu wa Shule aiongezee mstari mmoja: mwanafunzi atakayekuja mbio kusema mwenzake anazama, hata kama wote walitoroka, hataadhibiwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mtoto akilijua hilo tangu siku ya kwanza, hatasimama ukingoni akipima kati ya fimbo na uhai wa mwenzake.