Mavazi ya Msafiri: Hotuba kwa Wanachama, Bariadi



Mmetuomba tuseme machache juu ya mavazi ya safari, kwa kuwa mwenzetu mmoja wa hapa Bariadi anakwenda Uingereza masomoni, na tangu barua yake ifike hapana mazungumzo ofisini ila ya suti. Twasikia amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Jambo hili si la kuchekwa, maana hata sisi limetupata.

Sisi tulipoitwa huko tulikopa fedha, tukashonewa suti nyeusi ya kitambaa chepesi, tukanunua na viatu vyembamba vya kung'aa. Nyumbani tulisifiwa sana. Tulishuka huko mwezi wa Januari, na baridi ikapita katika kitambaa kile kama maji katika tunga. Siku ya mkutano tulipopewa nafasi ya kusema, meno yaligongana na miguu iliuma, tukaketi kabla ya kumaliza hoja ya watu waliotutuma. Deni la suti tulililipa kwa miaka miwili. Hoja ile haikusemwa tena.

Tuwakumbuke wazee wetu. Mwaka 1931 mabwana watatu wa Tanganyika walikwenda London mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, na Bwana Martin Kayamba, karani, ambaye mwaka 1922 alianzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kayamba aliandika habari za safari ile katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1932. Walipelekwa kutoa ushahidi, nao waliutoa. Na kamati haikupendekeza muungano ule. Nguo ni ya kumsaidia mtu atoe alichotumwa, basi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, sisi wa Simiyu ni watu wa pamba na twaipenda. Lakini pamba ikilowa haishiki joto, na sufu hulishika. Shati na liwe la pamba, juu yake sweta na kabuti la sufu.

Pili, kabuti lisishonwe. Litafutwe sokoni katika mitumba, maana huja humo kutoka nchi za baridi, na hapa wanunuzi wake ni haba. Hapana aibu, litakuwa linarudi kwao.

Tatu, viatu vinunuliwe mwezi mzima kabla ya safari, vivaliwe kazini hata vilainike, navyo viwe na nafasi ya soksi nene.

Nne, suti moja ya kiasi yatosha. Fundi aipime msafiri akiwa amevaa sweta.

Tano, asikope, wala asiazime. Wazee walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mabwana na Mabibi, ng'ombe wa tatu asiuzwe. Kabuti tulilolinunua huko baada ya aibu yetu ni hili hapa mezani. Tangu leo twalitoa liwe mali ya chama, livaliwe na kila mwanachama aendaye nchi za baridi; hivyo mwenzetu hataliazima, atavaa lililo lake. Naye tunamwomba jambo moja tu: akipewa nafasi ya kusema, asiketi kabla hajamaliza.