Daladala ya Vigoda



Desemba iliyopita, siku ya tatu ya likizo, umeme ulikatika mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Ilikuwa saa nne asubuhi. Feni ikasimama, katuni ikazimika katikati, na wanangu wawili, wa miaka saba na wa miaka minne, wakanifuata jikoni wamenuna.

"Mama, tumeboeka."

Mikono yangu imejaa unga wa chapati. Nilitaka kuwapa simu, ila nayo haikuwa na chaji. Nikawaambia, "Haya, boekeni kidogo."

Joto la kaskazi unalijua. Nikawasikia wakizunguka, wakigombana, kisha kimya. Watoto wakinyamaza, mzazi huchungulia. Nikachungulia. Vigoda vyote viko uani chini ya mwembe, vimepangwa mistari miwili. Mkubwa kashika mfuniko wa sufuria, ndio usukani. Mdogo kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa: "Kariakoo, Kariakoo! Siti zipo!" Na kwenye kigoda cha nyuma kakaa bibi yao, khanga begani, kama kweli ana safari.

Nauli ilikuwa majani. Jani la mwarobaini ni mia moja, jani la mwembe ni elfu. Safari ni mia mbili. Bibi akatoa jani la mwembe, akanyoosha mkono: "Chenji yangu, konda." Konda wa miaka minne akaangua kilio. Ikabidi dereva aache usukani, gari likiwa kwenye mwendo, aje kuhesabu majani ya mwarobaini kwenye kiganja cha bibi: moja, mbili, hadi nane. Bibi akayahesabu upya, ndipo akaridhika.

Msikilizaji, dereva huyo nilikuwa nimemwandikisha tuisheni ya hesabu ianze Jumatatu.

Likizo zetu zimeanza kufanana na muhula. Shule zikifungwa Desemba, tuisheni zinafunguliwa. Mtoto wa darasa la pili anaamshwa gizani, anabebeshwa begi lile lile. Asiyekwenda tuisheni amekabidhiwa simu tangu chai hadi chakula cha usiku. Njia ni mbili, hofu ni moja: tunaogopa mtoto kukaa bure. Akisema ameboeka, tunakimbia kama tumeambiwa ana homa. Hatumpi hata robo saa ya kukuna kichwa, na daladala ile ilitoka humo, kwenye robo saa ya kukuna kichwa.

Wala sisemi jambo geni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inayataja mapumziko pamoja na afya, elimu na malazi. Ada tunaihangaikia, hospitali tunakimbilia. Mapumziko tunayaona kama zawadi ya aliyefaulu mtihani.

Najua kuna anayenijibu sasa hivi: "Wewe una ua na mwembe. Mimi nimepanga chumba kimoja, na alfajiri niko njiani kwenda sokoni." Kweli kabisa. Basi tumtaje anayebaki na watoto: bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi dada wa kazi. Kwa dada, likizo ya watoto ndiyo msimu wa kazi nzito. Kutwa anapika, nguo za matope anafua mara mbili, na jioni anaulizwa kwa nini sebule haijapigwa deki. Tukitaka watoto wapumzike, tumpunguzie huyu mzigo. Kiporo cha jana kiliwe asubuhi. Sakafu ingoje. Mtoto wa miaka saba akusanye vyombo, wa miaka minne akae na dada mkekani wachambue mchele, hata kama nusu ya punje zitamwagika.

Jambo moja lisilopaswa kulegezwa ni jicho. Siku za joto watoto watataka beseni la maji, na wapewe. Lakini mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya ndoo, tena bila kelele. Mtu mzima akae pale pale hadi maji yamwagwe.

Tuisheni ile niliifuta. Na sitakudanganya: umeme uliporudi, wote watatu, dereva, konda na abiria, walikimbilia televisheni, bibi akiwa wa kwanza. Ila kesho yake, kabla sijainjika chai, vigoda vilikuwa uani. Siku hiyo mdogo aliweza kuhesabu majani matatu ya kwanza ya chenji.

Hata chumba kimoja kina ukingo wa kitanda, na ukingo wa kitanda unabeba abiria wanne. Kwa hiyo likizo hii ukirudi kutoka kazini ukakuta viti vimepinduliwa na mtu anapiga kelele "Kariakoo, siti zipo," usiulize nani kavuruga nyumba. Panda. Na ukitoa jani la mwembe, kumbuka kudai chenji.